Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno: Mfano wa "Niggard", Neno la Kale la Kiingereza la Ubahili

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akisoma kwa sauti sehemu ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ambamo Rosencrantz anaeleza jinsi mwana wa mfalme alivyowapokea. Alipofika kwenye neno "niggard" alinyamaza, akakifunga kitabu huku kidole chake kikibaki katikati ya kurasa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli Shakespeare alikuwa akiwatukana watu weusi. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu sikio lolote linalolijua lile tusi linalofanana na neno hilo lazima lishtuke. Jibu ni kwamba hapana, neno hili linamaanisha mtu bahili, na ukoo wake hauna uhusiano wowote na rangi ya ngozi. Hata hivyo, "hapana" ya mwalimu si ushahidi. Mwanafunzi anastahili kuonyeshwa njia, ili siku nyingine akutane na neno jingine akiwa peke yake na aweze kulifuatilia mwenyewe hadi chimbuko lake.

Njia hiyo haihitaji shahada ya isimu. Inahitaji kamusi nzuri, karatasi, na subira ya kutoamini kitu kwa sababu tu kinafanana na kingine.

Tarehe kwanza, maoni baadaye

Chukua karatasi uigawe katika safu tatu: umbo la neno lilivyoandikwa, wakati lilipoandikwa, na maana yake ndani ya sentensi lilimoonekana. Usiandike chochote kuhusu asili yake bado. Kosa linalofanywa na wengi ni kuanza na dhana na kisha kutafuta maneno ya kuitegemeza, ilhali kazi hii hutaka mtu aanze na maandishi ya kale, ayapange kwa umri wake, na aache dhana ijitokeze yenyewe au ishindwe kujitokeza.

Chombo kikuu kwa Kiingereza ni kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na toleo la kwanza zima likakamilika mwaka 1928. Ubora wake ni kwamba chini ya kila maana hupanga sentensi halisi kwa kufuata miaka, kuanzia ya zamani kabisa iliyopatikana. Kuitumia kwenye intaneti hulipiwa, isipokuwa kwa wale ambao maktaba zao zimejiunga, lakini asiye na nafasi hiyo hajafungiwa mlango. Chuo Kikuu cha Michigan kimeiweka wazi bila malipo kamusi yake ya Kiingereza cha Kati, yaani kile cha kuanzia karne ya 12 hivi hadi ya 15, na kwa neno letu hicho ndicho kipindi tunachokihitaji zaidi. Kwa Kiingereza cha Kale kuna kamusi ya Bosworth na Toller, kwa lugha ya kale ya Skandinavia kuna ya Cleasby na Vigfusson ya mwaka 1874, na kwa Kiswidi kuna kamusi kuu ya Akademia ya Uswidi. Zote tatu zinasomeka mtandaoni bila malipo.

Unapotafuta, usilitafute neno kwa tahajia ya leo peke yake. Kabla ya uchapishaji kila mwandishi aliandika kadiri alivyosikia, na "i" na "y" zilibadilishana nafasi bila mtu kuona tatizo. Ukitafuta kwa uvumilivu, safu ya kwanza ya karatasi yako itajaa hivi: karibu na mwaka 1300 kuna "nig", lenye maana ya bahili, katika karne ya 14 kuna pia "nigoun" lenye maana hiyo hiyo, na kuelekea mwisho wa karne hiyo linatokea "nygard". Sifa "niggardly" haionekani hadi karne ya 16.

Sasa geukia safu ya tatu, na usiridhike na maana ya kamusi kabla hujaisoma sentensi yenyewe. Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, alilitia neno hili kinywani mwa mke wa Bath, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote katika msafara wa mahujaji wake. Anamwambia mumewe kwamba ni bahili kupita kiasi yule mtu anayemkataza mwenzake kuwasha mshumaa kwenye taa yake, kwani mwenye taa hatapungukiwa na mwanga hata kidogo. Anayekumbuka jinsi watoto walivyokuwa wakitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, wakarudi wakilipuliza kwenye kigae, anaielewa sentensi hiyo bila maelezo. Kumnyima mtu moto, kitu kisichopungua kwa kugawanywa, ni uchoyo wa aina ya pekee, na Chaucer aliuchagua mfano huo kwa makusudi. Katika sentensi nzima hakuna rangi wala kabila la mtu, kuna mkono tu unaokataa kutoa.

Baada ya miaka 200 hivi, Shakespeare analitumia neno lile lile kwa namna pana zaidi. Katika Hamlet, mwana wa mfalme anaelezwa kuwa bahili wa maswali. Katika Macbeth, Macduff anamsihi Ross asiwe bahili wa maneno bali aseme habari alizokuja nazo. Sisi nasi tunasema mtu ni mchoyo wa salamu au mchoyo wa maneno, kwa hiyo matumizi haya yanatuingia bila taabu. Katika tamthilia ya Julius Caesar neno limegeuka kuwa kitenzi: usiku umekuwa mkubwa ndani ya hema, na Brutus anasema kwamba maumbile hayana budi kutii haja yake, nao watayapa haja hiyo kwa ubahili, kwa pumziko dogo tu. Mwalimu Julius Nyerere aliyeitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1963 na kwa sura mpya mwaka 1969, alikutana na kitenzi hicho kama kila mfasiri mwingine. Kwa maoni yangu Kiswahili kina neno linalokitosha kabisa, nalo ni kupunja: wataupunja mwili usingizi wake.

Likate neno penye maungio yake

Neno likishakuwa na tarehe, litenganishe katika mofimu zake, yaani vipande vyake vidogo vyenye maana, kama unavyotenganisha "mnyimivu" ukapata m-, nyim-, na tamati inayoonyesha tabia. "Niggard" lina mzizi "nig" na kiambishi tamati "-ard". Kiambishi hiki kiliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha Kale baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lakini Wafaransa nao walikuwa wamekichukua kutoka kwa makabila ya Kigermanika, ambako "hard" ilimaanisha -gumu au shupavu. Ndiyo hiyo iliyomo katika majina ya Richard, Bernard na Gerard. Katika majina ya watu ilikuwa sifa njema, na katika maneno ya kawaida iligeuka kuwa alama ya mtu aliyezidisha jambo baya: "drunkard" ni mlevi, "sluggard" ni mvivu, "dullard" ni mzito wa akili. "Coward", yaani mwoga, lina mzizi unaomaanisha mkia, na picha ya mnyama anayekimbia au kuuficha mkia wake inaonekana mara moja.

Faida ya kukata neno ni kwamba swali linapungua ukubwa. Hatutafuti tena asili ya "niggard" zima, kwa kuwa nusu yake tumekwisha kuieleza. Tunatafuta asili ya "nig", na tunajua kutokana na karatasi yetu kwamba "nig" lilikuwapo peke yake likiwa na maana ya bahili kabla ya kubandikwa tamati hiyo.

Watafute ndugu, kisha uwahoji

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapowaomba wasomaji wasiwe na haraka. Undugu wa maneno hautambuliwi kwa sura, hutambuliwa kwa sauti zinazobadilika kwa utaratibu mmoja katika maneno mengi. Sisi tunao mfano nyumbani. Kiswahili husema mtu, kitu, kuku; Kiganda husema omuntu, ekintu, enkoko. Pale Kiganda kinapokuwa na "nt" au "nk", Kiswahili kimeangusha ile "n". Neno moja lingeweza kuwa bahati, lakini yakiwa maneno mengi yanayotii utaratibu ule ule, ni ukoo. Kwa njia hiyo hiyo twaweza kulikagua neno letu wenyewe la ubahili. "Bahili" linatokana na Kiarabu "bakhil", na anayeuliza "kh" imekwenda wapi anajibiwa na habari, hatari, hema na hazina, ambayo yote yana "kh" katika Kiarabu na "h" katika Kiswahili cha leo. Wazee wengi wa pwani bado huitamka ile "kh" ya asili, na ukimsikia mmoja akisema "bakhili" umeisikia etimolojia, yaani historia ya asili ya neno, ikitembea.

Sasa tuvuke kwenda Ulaya ya kaskazini tukiwa na kipimo hicho mkononi. Kamusi ya Kiingereza cha Kale inatupa "hnēaw", bahili. Kamusi ya Kinorsi cha Kale, lugha ya Waviking, inatupa "hnøggr", bahili. Kiswidi cha leo kina "njugg", la mtu au kitu kinachotoa kwa kubana. Kijerumani kina "genau", ambalo ukiliondolea kiambishi awali "ge-" unabaki na "nau". Hilo humaanisha sahihi, barabara, bila kuzidi wala kupungua. Kwa macho hayafanani sana, na ndiyo sababu macho hayatoshi.

Weka kando "hnēaw" kwa muda, utazame maneno matatu ambayo undugu wake haubishaniwi. Umande ni "dew" kwa Kiingereza, "Tau" kwa Kijerumani, na "dagg" kwa Kiswidi. Sifa ya ukweli na uaminifu ni "true" kwa Kiingereza, "treu" kwa Kijerumani, na kwa Kiswidi "trygg", ambalo leo lina maana ya kuwa salama. Kukata kwa shoka ni "hew", "hauen", na "hugga". Yasome tena kwa sauti. Pale ambapo Kiingereza na Kijerumani vina mlio wa "w" uliolainika na kuingia ndani ya irabu, lugha za Skandinavia zina "gg" ngumu. Chanzo chake ni "w" nzito, iliyorudufiwa, katika Kigermanika Mame, lugha mama ya zote hizo. Upande wa magharibi "w" hiyo ililegea, na upande wa kaskazini ikakazwa ikawa "ggw" na hatimaye "gg". Wanaisimu huiita kanuni ya Holtzmann, kwa jina la Mjerumani aliyeiona katika karne ya 19. Ukishaijua kanuni hiyo, mstari wa nne unajipanga wenyewe: "hnēaw" kwa Kiingereza cha Kale, "genau" kwa Kijerumani, "njugg" kwa Kiswidi. Mara ya kwanza nilipoipanga mistari hiyo minne kwenye ubao, mmoja chini ya mwingine, darasa lilinyamaza kama watu waliosikia mlango ukifunguka.

Ile "h" ya mwanzo isikusumbue. Kiingereza kiliziangusha "h" za namna hiyo zote: "hnutu" ikawa "nut", "hring" ikawa "ring", na "hlāf" ikawa "loaf". Kiaislandi, ambacho ni kihafidhina kuliko ndugu zake, bado husema "hringur" kwa pete.

Kutokana na hayo tunaweza kukata hukumu moja muhimu. Kama "nig" la mwaka 1300 lingerithiwa moja kwa moja kutoka "hnēaw" la Kiingereza cha Kale, lingetakiwa liwe na mlio wa "w", mfano wa "new" au "dew", na lisingekuwa na "g" hata moja. Ile "g" inaelekeza kidole Skandinavia. Je, Waskandinavia walikuwa na nafasi ya kuliacha neno lao Uingereza? Walikuwa nayo tele. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, mwaka 866 wakauteka mji wa York, na baada ya hapo wakakaa, wakalima, wakaoa, na eneo kubwa la kaskazini na mashariki likawa chini ya sheria yao. Kiingereza cha leo kimejaa maneno yao ya kila siku: "take", "sky", "knife", "skin", hata kiwakilishi "they". Lugha inayokopa hadi kiwakilishi haishindwi kukopa neno la kumsema jirani anayenyima.

Kuna kisa ambacho napenda kukisimulia hapa kwa sababu kinazionyesha hizo "gg" zikiwa hai sokoni. William Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza, anaeleza katika dibaji yake ya mwaka 1490 kwamba wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwenda Zeeland, huko Uholanzi, walikosa upepo wakiwa kwenye mto Thames, wakashuka nchi kavu kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia katika nyumba akaomba "eggys", yaani mayai. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, kwa maana hata yeye Kifaransa hakukijua, ila alitaka mayai yake. Ndipo mwenzake aliposema "eyren", na mama akaelewa. "Eyren" lilikuwa wingi wa neno la Kiingereza cha Kale, na "egg" ni neno la Kinorsi, lenye "gg" iliyokazwa kwa kanuni ile ile, safari hii kutokana na sauti ya "y" iliyorudufiwa. Mama yule alikuwa amesimama mahali ambapo maneno mawili ya ukoo mmoja yalikuwa yakigombania yai moja, na leo tunajua ni lipi lililoshinda.

Je, maana imetembea njia inayopitika?

Sauti zikikubaliana, uliza kuhusu maana. "Sahihi kabisa" ya Kijerumani na "bahili" ya Kiskandinavia vinawezaje kutoka tumbo moja? Wanaisimu wanakisia kwamba maana ya awali ilikuwa ya kitu kilichobana, chembamba, kisicho na nafasi ya ziada. Kipimo kilichobana ni kipimo sahihi, na mkono uliobana ni mkono wa bahili. Namna bora ya kujua kama njia ya maana inapitika ni kutafuta lugha nyingine, isiyo na undugu wowote, iliyopita hapo hapo. Kiswahili kimepita: tunabana matumizi tukiwa tunasifiwa, na tukizidisha tunaambiwa tunabana, bila mtu kuhitaji kutaja ni nini kinachobanwa. Tumekwenda hata mbali zaidi kwa mkono wa birika, ule mkono wa chombo uliopinda usionyooka kumpa mtu kitu. Kinyume chake nacho kina mafundisho: Kinyarwanda hutumia "ubuntu", neno la shina moja na utu wetu, kwa maana ya ukarimu, na kitu kinachotolewa bure hutolewa "ku buntu". Kila lugha huutazama mkono wa mtu na kuupa hukumu.

Msikilize na mpinzani

Hakuna etimolojia iliyokamilika kabla ya dhana pinzani kupewa nafasi ya kujitetea. Dhana pinzani hapa ni ile ya mwanafunzi wangu: kwamba neno hili na lile tusi la kibaguzi ni kitu kimoja. Tulipeleke tusi hilo kwenye karatasi yetu ya safu tatu kwa uadilifu ule ule.

Asili yake ni Kilatini "niger", -eusi. Kutoka hapo likaja "negro" la Kihispania na Kireno, na "nègre" la Kifaransa. Kiingereza kililipokea "negro" katikati ya karne ya 16, wakati wa safari za Atlantiki na biashara ya watumwa, na kutokana na maumbo hayo ya Kihispania na Kifaransa matamshi ya mitaani ndiyo yaliyozaa tusi. Linganisha tarehe: "nig" la ubahili lina umri wa zaidi ya karne mbili kabla "negro" halijatia nanga katika Kiingereza. Linganisha njia: moja lilishuka kutoka kaskazini na mashua za Waviking, jingine lilipanda kutoka kusini na merikebu za Wahispania na Wareno. Linganisha maana: hakuna sentensi ya kale ya neno la kwanza inayogusa rangi. Dhana pinzani imeanguka katika kila safu.

Kufanana kwake basi ni nini? Ni bahati tupu, na bahati za namna hii ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ya -baya, na Kiingereza kina "bad" lenye maana ile ile, tahajia ile ile, karibu matamshi yale yale, na maneno hayo mawili hayana undugu wa chimbuko hata kidogo. Atakayekukazania kwamba maneno yanayofanana lazima yawe ndugu, mwekee mfano huo mezani.

Andika uhakika wako kwa kipimo chake

Ukifungua kamusi za kuaminika utaona kwamba, pamoja na ushahidi wote huu, huandika "labda" au "pengine" kabla ya kulitaja neno la Kinorsi. Msomaji mgeni huona neno hilo kama udhaifu na kulivunjia heshima. Mimi naliona kama uaminifu. Sababu yake ni irabu: "i" ya "nig" hailingani barabara na "ø" ya "hnøggr", na hakuna umbo la kati lililoandikwa linaloziunganisha. Konsonanti zinakubali, maana inakubali, historia inakubali, irabu inasitasita. Kwa hiyo uandike hivyo hivyo. Tofautisha mambo matatu katika maelezo yako: lililo hakika, yaani kwamba neno lilikuwapo katika karne ya 14 kwa maana ya bahili na halina uhusiano na Kilatini "niger"; lililo na uwezekano mkubwa, yaani asili ya Kiskandinavia; na lililo la kukisiwa, yaani maana ya awali ya kubana. Maumbo ya Kigermanika Mame ambayo hayakuandikwa kamwe, bali yameundwa upya na wanaisimu kwa kulinganisha, huwekewa nyota mwanzoni. Usiisahau nyota hiyo, kwa sababu kuiacha ni kudai umesoma maandishi ambayo hayapo.

Kujua asili na kuchagua neno

Mnamo Januari 1999 mjini Washington, mtumishi mmoja wa ofisi ya Meya Anthony Williams alitumia neno "niggardly" katika mazungumzo kuhusu bajeti, akimaanisha kwamba fedha zingetolewa kwa kubana. Aliyemsikia alidhani ametukana, habari zikaenea, mtumishi akajiuzulu na meya akakubali. Baadaye ukweli wa neno ulipofahamika, meya alimwalika arudi kazini. Julian Bond, mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alisema hadharani kwamba mtu hapaswi kujikagua lugha kwa sababu wengine hawaielewi.

Namheshimu sana Bond kwa kauli hiyo, kwa kuwa alisimama upande wa ukweli wakati kukaa kimya kulikuwa rahisi. Hata hivyo ushauri wangu kwa anayeandika Kiingereza leo ni kwamba achague "stingy" au "miserly", maneno yanayobeba maana ile ile bila kumjeruhi yeyote. Etimolojia inaeleza neno lilikotoka, haiamuru msikilizaji ahisi nini, na mtu aliyewahi kuitwa kwa lile tusi hana wajibu wa kusoma kanuni ya Holtzmann kabla ya kuruhusiwa kuumia. Wapo wanaolitumia neno hili kwa makusudi, wakijificha nyuma ya kamusi. Hao wanaidhalilisha kamusi pamoja na yule wanayemlenga. Katika maandishi ya kale, kinyume chake, lisiguswe wala kufutwa. Libaki mahali Chaucer na Shakespeare walipoliweka, na pembeni yake pawe na maelezo mafupi ya haki.

Maelezo hayo nimeyaandika kwenye kadi, na hukaa ndani ya nakala ya Hamlet tunayoitumia darasani, katika ukurasa ule ule ambao kidole cha mwanafunzi wangu kilibaki. Yanasomeka hivi: "Niggard: bahili, mchoyo. Kiingereza cha Kati 'nygard', mwishoni mwa karne ya 14. 'Nig' karibu na mwaka 1300, pamoja na tamati '-ard' ya Kifaransa cha Kale. Labda kutoka Skandinavia. Linganisha Kinorsi cha Kale 'hnøggr', Kiswidi 'njugg', Kiingereza cha Kale 'hnēaw'. Halihusiani na Kilatini 'niger'. Hapa: Hamlet hakuuliza maswali mengi."